Sanduku la Sola Limezima: Ni Njaa au Ni Kufuli?



Katika mikutano ya matawi kati ya Arua na Koboko, swali linalofuata baada ya yale ya mishahara ni hili: "Sola yangu imezima na nimeshalipa. Nifanye nini?" Wengine hucheka swali likiulizwa, lakini si la kuchekwa. Watu wengi wa West Nile hufanya kazi mbali na kwao, katika mashamba ya miwa ya Busoga na Bunyoro au katika viwanda vya Jinja na Kampala, kama baba zao walivyofanya tangu siku za ukoloni. Sola iko Koboko juu ya nyumba ya mama, na mwenye kuilipia yuko Kakira anakata miwa. Taa isipowaka, mama husema mtoto hakutuma pesa. Mtoto naye husema pesa zimeliwa njiani. Pengine wote wawili wanasema kweli, na kosa liko kwenye waya uliolegea.

Kwa nini sola imeenea sana kwetu? Kwa muda mrefu West Nile haikuunganishwa na umeme wa taifa. Kampuni ya WENRECo ilianza mwaka 2003 kwa jenereta, na mwaka 2012 ikafunguliwa mitambo ya maji ya Nyagak yenye nguvu ya megawati 3.5, ambayo ni kidogo kwa mkoa mzima. Umeme wa taifa ulifika Arua mwaka 2024. Hata hivyo waya mkubwa ukipita juu ya kijiji si kusema kwamba umeshuka nyumbani. Kwa hiyo watu walinunua sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu, mpango ulioenezwa Kenya na M-KOPA kuanzia mwaka 2012, na hapa Uganda na Fenix, kampuni ambayo baadaye ilinunuliwa na Engie ya Ufaransa. Mwenye mkataba wa zamani wenye jina la kampuni iliyonunuliwa asiutupe.

Sasa tufahamu sanduku lenyewe. Ndani yake mna betri, na mna ubongo mdogo wenye saa. Ubongo huo una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kulinda betri: ikishuka sana, sanduku hujizima lenyewe ili betri isife. Kazi ya pili ni kuhesabu siku ulizolipia. Zikiisha, sanduku hufunga taa hata kama betri imejaa. Hivyo sanduku hujizima kwa njaa, au hujizima kwa kufuli. Kwa macho ya mtu aliyekaa gizani, hali hizi mbili ni moja. Lakini dawa zake ni mbali kabisa, na anayetibu moja kwa dawa ya nyingine hupoteza pesa. Mwenye njaa hulipa tena na tena, na taa haziwaki. Mwenye kufuli humwita fundi, naye fundi akifungua sanduku huvunja alama ya kampuni, na dhamana huishia hapo.

Kuna njia ya kutofautisha isiyogharimu kitu. Ngoja saa sita mchana, jua likiwa kali, waya wa paneli ukiwa umechomekwa vizuri. Tazama taa ndogo ya kuonyesha kwamba betri inajaa. Masanduku mengi yaliyofungwa huendelea kula jua kama kawaida. Yananyima taa tu. Kwa hiyo taa ndogo ikiwaka na taa za nyumbani zikakataa, bonyeza kitufe cha kuonyesha siku. Ikisoma sifuri, hiyo ni kufuli. Taa ndogo isipowaka kabisa wakati wa jua kali, tafuta shida kwenye paneli, waya au betri. Na ishara nyingine: sanduku likizima saa tatu usiku, kisha likawaka kesho yake saa nne asubuhi bila mtu yeyote kulipa, hiyo ni njaa, wala usiende kugombana na kampuni juu ya malipo.

Tuanze na njaa, maana ndiyo ya kila siku. Chukua paneli ya wati 10. Jua kali la saa tano huipa wati-saa 50, na baada ya kupotea njiani na ndani ya betri, tuseme zinabaki 35. Taa tatu za wati moja moja, tangu saa moja jioni hadi saa sita usiku, hula 15. Redio ya wati mbili kwa saa tano hula 10. Zimebaki 10. Simu ndogo ya vitufe hula kama 4, lakini simu kubwa ya kioo hula kama 15. Simu moja ya kioo imemaliza akiba na kuingia katika deni. Sasa fikiria nyumba ambayo kijana amefungua biashara ya kuchaji simu za majirani, tano kwa siku. Sanduku hilo litazima kila usiku, na sanduku halina kosa. Siwalaumu vijana, kwani shilingi mia tano ni shilingi mia tano. Lakini biashara hiyo inahitaji paneli kubwa zaidi, na mzazi lazima ajue hesabu kabla ya kumlaumu aliye Kakira.

Halafu tazama juu ya paa. Mwezi wa Desemba hadi Februari, vumbi na moshi wa majani yanayochomwa huifunika paneli kama blanketi. Ifute kwa kitambaa laini na maji, asubuhi au jioni, si wakati kioo kimechemka. Tawi la mwembe ambalo halikuwapo wakati wa kufunga sola sasa limekua, na kivuli kwenye kipande kidogo tu cha paneli hupunguza nguvu nyingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Arua iko karibu na mstari wa ikweta, kama digrii tatu kaskazini, kwa hiyo haifai kuisimamisha paneli kama ubao wa shule. Ilaze, iwe na mteremko mdogo tu ili mvua iioshe.

Waya nao ni wa kutazamwa. Umeme wa volti 12 huchoka upesi ukisafiri mbali kwenye waya mwembamba. Mtu huunga waya wa zamani ili taa ifike jikoni kwenye nyumba nyingine, anasokota kwa vidole na kufunga nailoni. Baada ya mvua mbili kiungo kinaota kutu ya kijani na taa inakuwa kama kaa la moto linalozimika. Kabla ya kusema taa imekufa, ihamishe kwenye tundu la taa nyingine inayowaka. Ikiwaka huko, ubovu uko kwenye waya au tundu. Isipowaka, ni taa. Jaribio hili hata mtoto wa darasa la tatu analiweza, na limewaokoa wengi na gharama ya fundi.

Baada ya kupima hayo yote, kama sanduku linakufa saa mbili usiku ingawa jua lilikuwa kali na taa ni zile zile, basi betri imezeeka au ni mbovu. Usiifungue. Betri za kisasa za lithiamu zikitobolewa huweza kuwaka moto. Tazama mkataba: dhamana ni ya miaka mingapi? Ikiwa haijaisha, kubadilisha betri ni wajibu wa muuzaji, si wa mfuko wako.

Sasa kufuli. Hapa shida ni ya ujumbe. Pesa hutoka kwenye simu ya mlipaji, hupita kwa kampuni ya simu, hufika kwa kampuni ya sola, kisha kampuni hiyo hurudisha namba za kufungulia, nazo huingizwa kwenye vitufe vya sanduku. Mnyororo una pete nyingi, na pete yoyote yaweza kukatika. Ifuate moja moja kuanzia mwanzo. Je, pesa zilikatwa kwenye simu? Je, namba ya akaunti iliyoandikwa ni ya sanduku la mama, au kuna tarakimu moja iliyokosewa na umemlipia mtu mwingine? Je, ujumbe wa namba ulikwenda kwenye laini ipi? Hapa ndipo wengi hukwama. Namba hutumwa kwenye laini iliyoandikishwa siku ya kununua. Mwaka 2017, serikali ilipodai kila laini iandikishwe kwa kitambulisho cha taifa, wengi walizimiwa laini zao na kununua mpya. Asiyeiarifu kampuni ya sola anaweza kungoja ujumbe unaokwenda kwenye laini iliyokufa.

Na namba zikishapatikana, zisisomwe kwa mdomo katika simu yenye kelele za mashine. Zitume kwa ujumbe. Ikibidi kusoma, soma tarakimu tatu tatu, na mama azirudie. Namba hizo zimetengenezwa kwa sanduku moja tu, kwa hiyo za kwa shangazi hazitafungua la kwenu, na zikishatumika hazitumiki mara ya pili. Masanduku mengine ukikosea mara nyingi hukataa vitufe kwa muda. Liache litulie, usiendelee kulibonyeza kwa hasira.

Jambo moja wafanyakazi walijue vizuri, maana wapo mafundi wanaolitumia kuwadanganya watu. Sanduku la kuingiza namba kwa vitufe halihitaji mtandao wowote. Linajua lenyewe hesabu ya namba zake. Mtu akikuambia "mtandao wa sanduku umekatika, lete elfu ishirini", mwulize mtandao upi. Lakini yapo masanduku mengine yenye kadi ya simu ndani, yanayopokea ujumbe yenyewe bila mtu kubonyeza. Hayo ndiyo yanayohitaji mtandao. Nyumba ya mabati huzuia mawimbi ya simu, kwa hiyo lisogeze karibu na dirisha au mlangoni, liache limewashwa kwa muda, kisha tazama. Huko Oraba na sehemu za mpakani, hata simu ya mkononi huweza kushika mtandao wa nchi jirani. Hapo ujumbe huchelewa au haufiki.

Ipo pia mikasa ambayo si ya mlipaji wala ya sanduku. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, huduma za pesa kwa simu zilizimwa Uganda nzima kwa amri. Aliyefikia mwisho wa siku zake jioni hiyo alilala gizani akiwa na pesa mkononi. Tangu hapo wengine hulipa siku tatu kabla. Ni shauri zuri, ingawa ni rahisi kulitoa kuliko kulifuata kwa mwenye mshahara unaoisha tarehe kumi.

Wenzetu wanaopanga mjini na kutumia mita ya kulipia kwanza, ile ambayo wengi huiita Yaka, wanapatwa na ugonjwa wa jamaa hiyo hiyo. Mita mara nyingi iko nje kwenye nguzo, na kisanduku cha vitufe kiko ndani ya nyumba. Vitu hivyo viwili huongea, vingine kupitia waya wa umeme wenyewe, vingine kwa mawimbi ya hewani. Ukiingiza namba 20 na kisanduku kikasema hakipati mita, usinunue namba nyingine. Kama kinatumia betri ndogo, zibadilishe. Kama kinaongea kupitia waya, kichomeke kwenye soketi ya nyumba hiyo hiyo, kisha chomoa vyombo vingine vyote, hasa chaja za bei rahisi, kwa sababu kelele zao kwenye waya hufunika ujumbe. Mara nyingi namba huingia baada ya hapo.

Na kuhusu mita ipo habari ya dunia nzima. Mita za namna hii huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kila mita ililazimika kuingizwa namba mbili za kubadilisha ufunguo, kwa mpangilio wake, kabla ya namba ya umeme. Mita iliyokuwa imefungwa katika nyumba tupu wakati huo, ukiihamia leo, huweza kukataa kila namba unayonunua. Mita haijaharibika. Dai zile namba mbili kutoka kwa kampuni ya umeme, haziuzwi.

Mwenye malalamiko aende na maandishi. Weka daftari moja karibu na sanduku: tarehe ya kulipa, kiasi, namba ya malipo iliyokuja kwenye simu, namba ya sanduku, na siku ambazo taa hazikuwaka. Ikiwa ni kufuli na pesa zilikatwa, anza kwa kampuni ya sola. Ikisema haikupokea, nenda kwa kampuni ya simu na ile namba ya malipo. Ikiwa ni mita, na kampuni ya umeme haijibu, ipo Mamlaka ya Kusimamia Umeme, ERA, iliyoundwa kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Asiyeweza kuandika barua amwone katibu wa tawi lake, aje na daftari na mkataba. Na siku zilizopotea kwa ubovu usio wake azihesabu moja moja, adai ziongezwe kwenye sanduku.