Nzi Mweupe wa Kabichi

Mtu apitaye katika vihamba vya miteremko ya Kilimanjaro wakati wa kiangazi, akalishika jani la kabichi na kulitikisa, huenda akaona vidudu vyeupe vikiruka kutoka chini yake mithili ya unga uliopeperushwa, vikazunguka kitambo kidogo, kisha vikarejea palepale vilipotoka. Hao ndio nzi weupe, ambao kwa nasaba si nzi hata kidogo: nzi halisi ana mbawa mbili, na hawa wanazo nne, zilizofunikwa vumbi la nta, nao ni ndugu wa vidukari. Linnaeus, mwanachuoni mashuhuri wa Sweden, alipomwandika nzi mweupe wa kabichi mwaka 1758 alimtia katika jamaa ya nondo, na kwa yakini umbo lake lamshawishi mtu kudhani hivyo.

Ubawa wake una madoa ya kijivu, na urefu wake haufiki milimita mbili. Lakini mwenye kutaka kumjua asimtazame anayeruka, bali aligeuze jani. Hapo ataona mayai madogo yaliyopangwa kwa duara au nusu duara, kwa sababu mama hudunga mdomo wake mahali pamoja, akawa anafyonza huku akiuzungusha mwili na kutaga. Mtoto akianguliwa hutambaa muda mfupi kutafuta mahali pazuri. Akishapata hujibandika, akawa gamba jembamba lisilo na mwendo, na hapo hukaa akinywa utomvu mpaka aote mbawa. Sukari asiyoihitaji huitoa nje, ikaganda juu ya majani, ikaota ukungu mweusi. Na kabichi iliyochafuka hivyo, ijapokuwa moyo wake mzima, mnunuzi wa soko la Mbuyuni huipita.

Jamaa zake wengine wana madhara makubwa zaidi. Huko Amani, katika milima ya Usambara, watafiti Storey na Nichols walieleza mwaka 1938 jinsi nzi mweupe wa muhogo anavyoeneza maradhi ya batobato. Kwenye kabichi shida kubwa ni kufyonza na kuchafua, nayo yataka dawa isiyo ya pupa.

Wala si kila uharibifu ni wake. Vidukari hukusanyika wengi pamoja, rangi yao ya kijivu, na majani machanga hujikunja. Kiwavi wa nondo mgongo-almasi huacha vidirisha katika jani, na akiguswa hujipinda kwa kasi, pengine akaning'inia kwa uzi. Anayempulizia mmoja sumu ya mwingine hupoteza fedha, na fauka ya hayo huwaua wale waliokuwa wakimsaidia.

Wasaidizi hao wapo. Mwaka 1926 mkulima mmoja wa nyanya huko Uingereza aligundua kuwa baadhi ya magamba ya nzi weupe yamegeuka meusi, akayapeleka kituo cha utafiti cha Cheshunt. Yakadhihirika kuwa na nyigu wadogo mno ndani, Encarsia, ambao hutaga katika mwili wa mdudu, na mabuu yao humla angali hai. Kwa hiyo ukikuta magamba meusi chini ya jani, usilichome wala usilipulizie.

Yanayobaki ni kazi ya mikono. Majani ya chini yaliyozeeka, ambayo ndiyo yenye magamba mengi, yakatwe na kufukiwa. Mashina ya mavuno yaliyopita yang'olewe, maana humo ndimo wadudu wanamongojea msimu mpya. Na miche michanga isipandwe ubavuni mwa sukuma wiki iliyokwisha kushambuliwa. Maji yenye sabuni kidogo hufaa sana, kwa kuwa jani la kabichi lina nta na maji matupu huteleza, ila lazima yapulizwe kutoka chini kwenda juu. Asubuhi ndiyo saa yake, hususan huku mlimani, kwani baridi huwafanya wazito wa kuruka. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, zikalowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutumika vivyo hivyo.

Ikiwa baada ya hayo yote bado wamezidi, chuma jani moja lenye magamba, ulipeleke kwa bwana shamba kabla hujaingia dukani. Na dawa utakayopewa, soma kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kuvuna, uzitimize zote.