Simbakubwa: Mnyama wa Kale na Ngeli ya Jina Lake

Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walitangaza jina la mnyama mla nyama aliyeishi Afrika Mashariki yapata miaka milioni 22 iliyopita: Simbakubwa kutokaafrika. Mabaki yake, yaani sehemu kubwa ya taya, vipande vya fuvu na mifupa michache ya miguu, yalichimbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kisha yakakaa miongo kadhaa katika droo ya makumbusho mjini Nairobi.

Msomaji wa Kiswahili hupotoshwa mara moja, kwani mnyama huyo hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la hainodonti, lililotoweka lote bila kuacha kizazi. Tofauti imo kinywani: simba, fisi na mbwa wana jozi moja tu ya meno ya kukatia nyama kila upande, lakini hainodonti walikuwa na jozi tatu zilizofuatana. Kuhusu uzito, makadirio yanayotokana na magego huanzia kilo 280 na kupita 1,500, kulingana na wanyama wa leo wanaotumiwa kama kipimo. Pengo hilo si dogo!

Tuje kwenye sarufi. Katika Kiswahili sanifu jina la mnyama hupatanishwa kama la mtu: simba mkubwa. «Kubwa», basi, laonekana kuwa kosa. Hata hivyo, sipendi kulihukumu upesi. Lugha yetu humhamisha kiumbe kutoka ngeli yake inapotaka kumkuza: mtu huwa jitu, nyoka huwa joka, na hapo twasema jitu kubwa, joka kubwa. Ila kama hiyo ndiyo iliyokuwa nia, tungetarajia «jisimba». Kiambishi kimekosekana, upatanisho umebaki peke yake.

Sehemu ya pili ni rahisi zaidi kuieleza. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hudai jina la spishi liwe neno moja lenye herufi ndogo. Ndiyo sababu «kutoka» na «Afrika» yameunganishwa, na bara letu likapoteza herufi yake kubwa. Kanuni hizo hizo haziruhusu jina lililokwisha kuchapishwa lirekebishwe kwa kuwa tu linakiuka sarufi ya lugha lilikotoka. Anayetaka «Simbamkubwa» amekwisha kuchelewa, na wanafunzi wetu watalikuta jina hili hivyo hivyo katika vitabu vya elimu ya visukuku.