Bintiyetu Aliyeuacha Mshahara wa Shirika



Mwanzoni mwa mwaka 2023 alitujia bintiye jirani yetu wa zamani hapa Mji wa Kale, Mombasa, akifuatana na mamake. Tulimjua tangu akisoma juzuu chuoni kwetu. Mkononi alishika bahasha, na ndani yake mlikuwa na barua ya kujiuzulu aliyoiandika lakini hajaipeleka. Kwa miaka 11 alikuwa amelitumikia shirika moja lisilo la kiserikali, akishughulikia afya ya kina mama na watoto wachanga katika vijiji vya Kwale na Kilifi. Mshahara ulikuwa mzuri, na heshima ilikuwapo. Yote hayo alitaka kuyaacha ili afungue biashara ya kusanifu tovuti za intaneti.

Mamake alikuja kwa nia moja tu, nayo ni kwamba tumkataze. Nasi, tuungame mapema ili msomaji asitudhanie hekima tusiyokuwa nayo, tulimkataza. Tulimwambia kuwa kuwahudumia kina mama wajawazito kuna ujira mbele ya Mola, na kwamba kuchezacheza na kompyuta ni kazi ya vijana wasio na watoto wa kulisha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa adabu: "Maalim, mnanikataza kwa hukumu ya sheria au kwa maoni yenu?" Tukasema ni maoni. "Basi maoni nimeyasikia," akajibu, akaiweka bahasha yake vizuri ndani ya mkoba.

Sababu zake alitueleza siku nyingine, mamake akiwa hayupo. Katika miaka ile 11 alikuwa ametia saini mikataba 7, kila mmoja ukifa pamoja na ufadhili uliouzaa. Kila mara ufadhili ulipokaribia kwisha, wafanyakazi waliwaacha kina mama na kuketi kuandika maombi ya fedha. Naye kwa kupandishwa cheo alikuwa ametolewa kijijini kidogo kidogo akatiwa ofisini, hata mwaka wake wa mwisho kazi yake ilikuwa kuandika ripoti za watu wengine waliokwenda kijijini. Ufundi wa tovuti aliupata kwa dharura. Tovuti ya shirika iliharibika, na kijana aliyeitengeneza alikuwa ameondoka na nywila. Yeye akaambiwa atazame kama aweza kufanya lolote. Akakesha usiku baada ya usiku, watoto wamelala, akijifunza, na akagundua kuwa usingizi haumjii kwa sababu anaipenda kazi ile.

Wako wasomaji wetu, hasa kina bibi, watakaouliza tovuti ni kitu gani cha kulipiwa. Ichukulieni mfano wa duka. Kuna anwani, ambayo kwa biashara nyingi za hapa kwetu huishia kwa .co.ke, na kwa mashirika yasiyotafuta faida huishia kwa .or.ke, anwani hiyo hulipiwa kila mwaka. Kuna chumba chenyewe, yaani nafasi inayokodiwa katika seva, nayo ina kodi yake. Kisha kuna rafu, bidhaa, rangi za ukuta na namna mteja anavyopokewa mlangoni. Hapo ndipo penye kazi ya msanifu. Wengi hudhani ni mapambo, ilhali sehemu kubwa ni kuuliza: anayeingia humu anatafuta nini, na atakipata kwa mibofyo mingapi, kwa simu ndogo, na bando linalokaribia kwisha?

Zana zenyewe, Alhamdulillahi, aghalabu ni za bure. Mwaka 1993 kituo cha CERN kilichoko Geneva, alikofanya kazi Tim Berners-Lee aliyeuvumbua wavuti, kiliuachia ulimwengu uutumie bila kulipa. Programu ya WordPress, inayotumiwa kujengea tovuti nyingi mno duniani, ilitoka mwaka 2003, nayo haiuzwi. Na tangu nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipoletwa Mombasa mwaka 2009, hatutegemei tena setilaiti zilizokuwa ghali na nzito. Lakini ubure wa zana ndio uliokaribia kumfilisi bintiyetu, maana watu hawatofautishi zana na mkono. Mti wa mlango wa Lamu hata ukipewa zawadi, hakuna amwambiaye mchongaji achonge bure.

Kabla ya kupeleka barua alingoja miezi 8. Alijiwekea akiba ya matumizi ya nusu mwaka, akasajili jina la biashara, na kufanya kazi mbili za majaribio usiku. Mkopo wa riba hakuutaka. Mjomba wake alimpa shilingi 60,000 kwa njia ya mudharaba, faida wagawane theluthi kwa theluthi mbili, na hasara ya mtaji ikitokea bila ya uzembe wake iwe juu ya mjomba, kama fiqhi inavyoelekeza. Waliandikiana.

Hapa nyumbani ndipo palipokuwa pagumu, na tungependa waume wasome kwa utulivu. Mumewe anafanya kazi bandarini, mtu mwema, hatumsemi vibaya. Lakini kwa miaka mingi karo za watoto watatu zilikuwa zikitoka katika mshahara wa mke, mpaka ikasahaulika kuwa ni hisani yake. Kipato chake kilipokaribia kukatika, mume alikasirika kana kwamba amenyang'anywa haki. Tuliketi nao wawili. Tukakumbusha jambo ambalo kila aliyesoma chuoni analijua: mali ya mke ni yake, na nafaka ya nyumba iko juu ya mume. Alinyamaza sana. Kisha akasema ukweli ambao nasi ulitunyamazisha: mshahara wake peke yake hautoshi karo ya shule ile. Mtoto mmoja akahamishwa shule. Bintiyetu alilia kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote katika safari hii, na hadi leo hatujui la kumwambia.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mchungu. Tovuti yake ya kwanza, ya nyumba ya wageni, aliitoza shilingi 15,000, akaifanyia kazi wiki 6, maana hakuwa ameandika ni mara ngapi mteja aweza kubadilisha mawazo. Wengine walipokea kazi wakawa hawapokei simu. Tangu hapo hushika nusu ya malipo kabla ya kuanza, na mabadiliko huyahesabu. Akiba ya uzeeni, ambayo zamani mwajiri alikuwa akichangia kiasi sawa na chake, na bima ya afya, sasa ni juu yake peke yake kukumbuka kila mwezi.

Nasi tulikuwa miongoni mwa waliomdhulumu. Chuo chetu kilihitaji tovuti ya kuwaandikisha wanafunzi wa likizo. Tukampigia simu, tukamwambia amfanyie kazi hiyo mwalimu wake, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kesho yake ilikuja karatasi ya bei. Juu yake aliandika kuwa atatupunguzia robo, kuwa sadaka yake kwa chuo atatoa yeye mwenyewe kwa siri na kwa wakati wake, na kwamba anaomba tutie saini. Tulikasirika siku nzima. Jioni tulikuwa na darsa ya Suratul Baqara, na kwa qadari ya Mola tulifikia aya ya 282, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, ambayo yote ni habari ya kuandikiana madeni. Tulisomesha aya ile tukiwa na karatasi yake mfukoni, haijatiwa saini. Hatukumaliza darsa vizuri.

Alipoanza kazi aligundua kuwa anwani ya zamani ya chuo ilisajiliwa kwa jina la kijana aliyekwisha kwenda zake Ughaibuni, na haikuweza kupatikana tena. Tukanunua nyingine. Basi ewe mwenye duka, mwenye kupika maakuli ya harusi, mwenye shule: yeyote atakayekutengenezea, hakikisha anwani imeandikwa kwa jina lako na nywila iko kwako.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Wenzake wengi wa zamani walipoteza kazi. Watu wakaanza kumwambia kuwa alikuwa na jicho la mbele. Yeye hakuyakubali maneno hayo, na tunamwamini, maana karibu nusu ya wateja wake wakati huo yalikuwa mashirika madogo madogo, nayo yaliacha kulipa mwezi ule ule. Alikuwa amekimbia ufadhili akaukuta umemtangulia mlangoni. Alirudi kwa wenye saluni, madalali wa nyumba, shule za chekechea na mama mmoja auzaye halua kwa oda, kazi ndogo zilizo nyingi, akajaza pengo kwa miezi 7. Wawili kati ya wenzake walioachishwa kazi sasa anawalipa kwa siku, mmoja huandika maneno na mwingine hupiga picha.

Mtoto aliyehamishwa shule bado yuko shule ile ya pili. Mamake naye, kila tukikutana Marikiti, hutusogelea na kikapu chake na kutuuliza kwa sauti ya chini kama hatujasikia shirika lolote linaloajiri.