Siri ya Chembe na Wanawake wa Majengo

Majengo ya Pumwani, mashariki ya jiji la Nairobi, ni mtaa mkongwe, na Waislamu walikuwa miongoni mwa wenyeji wake wa mwanzo. Lakini ukitajwa mtaa huo, wengi hukumbuka biashara ya mwili tu. Wachache wajuao kwamba wataalamu wa mbali wamekwenda huko kusoma.

Tuanze na chembe ya mwili. Chembe ni mfano wa nyumba, na vyombo vyake ni protini. Chombo kikichakaa, au kikipindwa na joto ama maradhi, hutiwa alama iitwayo yubikwitini, kisha hupelekwa penye kinu kikakatwa vipande. Waliobainisha jambo hili, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004.

Vipande hivyo havipotei vyote. Vingine hutundikwa nje ya chembe, na chembe nyeupe za damu, ndio askari wa mwili, hupita zikivikagua. Zikiona kipande cha kirusi hujua ndani mna adui, nazo huiua chembe ile kabla adui hajazaana.

Tangu miaka ya 1980, Dakta Frank Plummer wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliwapima wanawake wa Majengo waliofanya biashara hiyo. Wengi walipata virusi vya UKIMWI. Wachache, miaka nenda miaka rudi, hawakupata. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba katika damu ya baadhi yao wamo askari wavijuao vipande vya kirusi hicho. Ajabu ni kuwa baadhi walioacha kazi kwa muda kisha wakairejea, waliambukizwa. Yaelekea askari asiyemwona adui humsahau sura.

Chanjo iliyotokana na elimu hiyo ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, lakini haikuamsha askari wa kutosha. Plummer alifariki Nairobi mwaka 2020, na chanjo ya kuzuia UKIMWI haijapatikana hadi leo.

Msomaji mpenzi, usione vyaelea, vimeundwa. Elimu hii imetoka katika mishipa ya wanawake ambao wengi wetu huwapita tukigeuza uso. Kazi yao hatuisifu. Lakini waliotoa damu yao ili wana wa wenzao wapone, wana haki ya tiba, na wana haki ya kuamkiwa.