Mtoto Aliyeumia Ubongo na Haki ya Kutenda Mwenyewe

Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, au aliyegongwa na pikipiki, au aliyepoteza fahamu kwa malaria iliyompanda kichwani, atokapo hospitali akitembea na kusema, jamaa humshukuru Mola na kudhani kwamba msiba umekwisha. Kumbe aghalabu sehemu iliyo ndefu ndiyo kwanza inaanza.

Zamani hata mabingwa wa tiba waliamini kuwa ubongo wa mtoto, kwa uchanga wake, hupona vizuri kuliko wa mtu mzima, na majaribio ya Margaret Kennard wa Marekani, aliyoyafanya kwa kima katika miaka ya 1930, yalishikwa kuwa hoja. Leo yajulikana kuwa si hivyo daima. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kwayo mtu hupanga, hujizuia na hupima matokeo, haikamiliki mpaka apite miaka 20. Kwa hiyo jeraha la umri wa miaka 6 laweza kujificha hadi miaka 12, wakati mwalimu amtakapo mwanafunzi atunze madaftari yake na kushika saa, na hapo huitwa mvivu na mkaidi. Hiyo ni dhuluma.

Mama amvikaye na kumjibia kila aulizwapo hutenda kwa mahaba, wala simlaumu. Lakini mkono usiopewa kazi haujifunzi. Na amfunge vifungo vyote vya shati, asaze cha mwisho kiwe cha mtoto. Akikimudu, asaze viwili, mpaka shati zima liwe lake. Atumwapo dukani, apite njia ileile kila mara, achukue karatasi yenye picha za vitu, na ndugu yake amfuate kwa mbali; akisahau, asiamrishwe, bali aulizwe ni lipi lifuatalo, kisha asubiriwe, ijapokuwa kusubiri ni kuzito. Apumzike pia, maana uchovu wake ni wa kweli.

Mipaka ipo: ikiwa jeraha limemwachia kifafa, asiachwe peke yake baharini, kisimani wala penye moto, na kupanda miti kungoje idhini ya daktari.

Na kila mwaka abadilipo darasa, mzazi aende akamweleze mwalimu mpya habari za jeraha lile, kwani kovu la kichwani limekwisha kufunikwa na nywele.