Makala inatoka mu hewa

Wandugu, wengi wetu tunawaza muti unakula udongo. Sivyo. Majani yanavuta gazi karboniki mu hewa, mizizi inaleta maji, jua inatoa nguvu: kwa ile njo muti unajitengenezea sukari, kisha mbao, na oksijeni inatoka inje. Karboni inabakia mu mbao.

Wakati banachoma mbao mu tanuru, karboni ingine inaenda na moshi, ingine njo makala ya hapa Kasapa. Maharagi yetu inaivia juu yake, silaumu mpishi! Lakini mbabula inamaliza mu mangaribi moja kazi ya miaka mingi.

Visiki vya miombo vinachipuka tena, kama moto wa pori hauviunguze. Basi, badogo, musiwashe majani nyuma ya masomo. Mwezi wa tisa, mbele ya mvula, mutaona majani mapya, mekundu.