Ukoko Mweupe Kwenye Birika: Fahamu Maji Magumu na Gharama Yake Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mtwapa, Kanamai na Kikambala, birika jipya halikai muda mrefu kabla ya kushika ukoko mweupe. Sabuni huisha haraka bila povu la maana, kanzu nyeupe hugeuka kijivu na matundu ya shawa huziba. Baadhi ya wakazi huhofia kwamba maji hayo yana sumu. Wengine hununua vichungi, kisha hushangaa ukoko ukirudi.

Ukoko huo si sumu. Unachoumiza ni vyombo na mfuko. Hatari ya maji ya kisima iko kwingine, na haionekani kwa macho.

Ukoko unatoka wapi?

Ukanda huu wa pwani umekalia mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale, mwamba ule ule unaokatwa mawe ya kujengea. Mvua ikipenya ardhini huchukua gesi ya kaboni kutoka hewani na kwenye udongo, ikawa na uchachu kidogo. Uchachu huo huyeyusha mwamba polepole. Maji yanapofika kisimani huwa tayari yamebeba kalsiamu na magnesiamu, na ndiyo huitwa maji magumu.

Katika ploti nyingi, maji hayo hupandishwa kwa pampu hadi kwenye tangi, kisha hushuka kwenye mifereji ya jikoni na bafuni. Yakichemshwa, gesi hutoka na chokaa iliyoyeyuka hurudi kuwa jiwe. Ndiyo sababu ukoko huonekana zaidi penye moto: kwenye birika, sufuria na shawa ya umeme.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za chokaa katika lita moja ya maji. Maji yasiyozidi 60 huhesabiwa kuwa laini. Yakipita 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya.

Gharama nyumbani

Sabuni ya kipande hushikana na kalsiamu na kuwa utando mzito kabla ya kutoa povu. Utando huo ndio unaobaki kwenye nguo, kwenye beseni na kwenye nywele. Sabuni ya unga haiathiriki sana kama ya kipande, lakini nayo huhitaji kuongezwa.

Jikoni, kalsiamu hukaza maharagwe na kunde, hivyo huchukua muda mrefu kuiva na kula gesi au makaa zaidi. Kwenye vifaa vya umeme, ukoko hufunika koili. Joto hushindwa kufika kwenye maji vizuri, bili hupanda na koili huungua mapema.

Kinachosaidia

- Maji ya mvua. Ni laini. Yakikingwa wakati wa masika na vuli, yatumike kufulia na kupikia maharagwe. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa kabla ya kukinga.
- Kuchemsha na kutuliza. Maji yakichemka, yakaachwa yapoe na kumiminwa taratibu, sehemu ya chokaa hubaki chini.
- Siki au ndimu. Birika lizimwe na kuchomolewa kwenye umeme, litiwe siki na maji kwa kipimo sawa, liachwe saa moja, kisha lisuuzwe vizuri. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.
- Magadi. Kijiko kimoja kwenye beseni la kufulia hulainisha maji na kuokoa sabuni. Yasitiwe kwenye maji ya kunywa.

Vichungi vya udongo, shabu na dawa ya klorini haviondoi ugumu. Mtambo wa kulainisha maji huuondoa, lakini huacha sodiamu ndani ya maji. Mwenye shinikizo la damu aliyeshauriwa kupunguza chumvi atengewe maji mengine ya kunywa.

Maji yenye ladha ya chumvi ni jambo jingine. Karibu na bahari, kisima kikivutwa kupita kiasi maji ya bahari huingia chini kwa chini. Kuchemsha hakuondoi chumvi hiyo. Kupunguza uvutaji huzuia hali isizidi.

Hatari isiyoonekana

Mwamba wa matumbawe una nyufa na mapango. Maji machafu kutoka kwenye choo cha shimo au tangi la maji taka yanaweza kupita humo hadi kisimani bila kuchujwa. Maji hayo huweza kuonekana safi kabisa huku yakibeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara.

Kwa hiyo maji ya kisima ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, hata kama birika halina ukoko. Mkazi anayetaka maji ya kisima chake yapimwe amwone afisa wa afya ya umma wa eneo lake, na aulize vipimo vyote viwili: ugumu na vijidudu. Kipimo cha kwanza kitamsaidia kuokoa sabuni na koili. Cha pili kitailinda familia yake.